Mguu Nyuma ya Pazia

Simu iliita saa moja na dakika arobaini asubuhi. Naijua saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya mashine nikisubiri imalize kazi, na macho yangu yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Mashine ile ilipiga mawimbi ya sauti ndani ya chupa yenye mafuta na maji, na Rehema, mwenye mashine hiyo, alikuwa amenionya nisiiache ipitilize hata kidogo, maana mchanganyiko ukipata joto unaharibika. Aliyepiga simu alikuwa mke wangu, Sechelela. Hakunisalimu. Alisema, "Baba Neema, mama yuko stendi. Amekuja na basi la Mtera. Mguu ameufunga kwa khanga, na harufu yake... kondakta amemkalisha peke yake karibu na mlango." Nikazima mashine kabla ya wakati wake. Chupa ile, ambayo ilitakiwa kuwa angavu kama chai ya rangi, ilibaki na ukungu, nikaimwaga.

Niliyakumbuka haya mwezi uliopita, nikiwa nimekaa kwenye mkeka huko Makole, kwenye khitma ya Rehema. Alifariki kabla ya kufikisha miaka hamsini, na moyo ndio uliomsaliti, yeye ambaye muda wote alikuwa akishughulikia ngozi za watu. Mwanamume mmoja wa makamo aliyekaa nami kwenye sinia moja la pilau aliniuliza, "Wewe kwa marehemu ulikuwa nani?" Nikamjibu kwamba nilikuwa fundi wake. "Fundi wa nini?" Fundi wa mashine. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula, ameridhika. Mimi sikuridhika. Nilirudi nyumbani Miyuji nikijaribu kupata jibu lililo sahihi zaidi, na kila nilipojaribu nilijikuta kwenye mwaka ule mmoja, kwenye kiti kimoja, mbele ya pazia moja la bluu.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Shule niliiacha kidato cha pili, nikajifunza umeme kwa kufungua redio za watu, kisha majokofu, kisha mashine za hospitali na za chuo ambazo mafundi wake walikuwa Dar es Salaam na hawakuja kwa wakati. Ndivyo nilivyokutana na Rehema. Mashine yake ya mawimbi ilikuwa imekufa, nikaifufua, na kwa kuwa niliogopa kwamba ingekufa tena mikononi mwa mtu mwingine, nikaomba niwe ninaiendesha mwenyewe. Alikuwa akisomea shahada ya juu ya dawa. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa zamani wa mjini, na ami yake bado alikuwa na duka la viungo. Manjano tuliyotumia yalitoka kwenye gunia lake. Mafuta tuliyakamua kwenye mbegu za zabibu, zile zinazobaki kwenye mashapo baada ya watengeneza mvinyo kumaliza kazi yao, ambazo zamani walikuwa wakiwatupia nguruwe.

Nilimuuliza siku ya kwanza kwa nini asipake manjano moja kwa moja kwenye kidonda, kama bibi zetu. Hakunicheka. Alisema kilicho ndani ya manjano kinachosaidia kidonda hakiyeyuki kwenye maji, na ngozi haikipokei. Kinakaa juu, kinakauka, kinatoka na bandeji. "Ukimwaga mchele mlangoni, hauingii chini ya mlango," alisema. "Usage uwe unga laini, upepo tu unauingiza." Kwa hiyo tuliyeyusha dawa kwenye mafuta, tukayavunja mafuta kwa mashine hadi yakawa matone madogo mno, madogo kiasi kwamba mwanga ulipita katikati yao na maji yakaonekana hayana mafuta kabisa. Yeye aliyaita nanoemalsheni. Kisha aliongeza unga fulani mweupe, kidogo sana, na maji yale yakakaza yakawa jeli ya manjano, angavu, inayosimama kwenye kijiko bila kudondoka. Jeli ingekaa juu ya kidonda na kuachia dawa polepole. Nilianza kusoma vitabu vyake mashine ikiwa inafanya kazi. Sikuelewa ukurasa wa kwanza. Niliusoma tena hadi nikauelewa, nikaenda wa pili. Sijawahi kuacha utaratibu huo.

Mama mkwe alikuwa na sukari, na hakujua. Alijikwaa kwenye jiwe akitoka kisimani, ukucha ukang'oka, akaendelea na kazi zake msimu mzima. Daktari wa hospitalini alimlaza, akamsafisha, akampa dawa za sukari na za kuua vijidudu, kisha akasema kidonda chake ni miongoni mwa vile vikaidi ambavyo hospitali ilikuwa imemruhusu Rehema kujaribu jeli yake. Rehema alikwenda wodini akakiona mwenyewe. Aliporudi alinawa mikono muda mrefu. "Vidole viwili vina hali mbaya," aliniambia. "Lakini unyayo bado uko hai. Tukiwahi, mguu unabaki." Wiki ileile alisafiri kwenda Dar es Salaam, kwa sababu mashine ya kupima ukubwa wa matone hapa Dodoma haikuwapo, na alipangiwa zamu ndefu huko. Aliniachia maelekezo ya kutengeneza jeli na jukumu moja: nimpigie simu na kumweleza kidonda kinavyoendelea.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, na lazima niieleze kwa wasiotoka kwetu. Kwenye ukoo wa mke wangu, ambao ni Wagogo wa upande wa Mtera, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni, hawatajani majina. Akimwona anakuja njiani, mmoja anapisha. Si chuki, ni heshima, na wenye nayo huona fahari. Sasa mama huyu alitolewa wodini akaletwa kukaa nyumbani kwangu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine karibu na hospitali. Nilihamia kulala karakana kwangu Makole, kwenye godoro kati ya majokofu yaliyosubiri vipuri. Jioni nilikwenda Miyuji kula. Sechelela alikuwa ametundika pazia la bluu kwenye mlango wa chumbani; mimi nilikaa sebuleni, mama mkwe alikaa upande wa pili, kwenye chumba chetu cha kulala, kitanda chake kimesogezwa karibu na mlango ili asikae mpweke.

Tuliongea kila siku, lakini kupitia Sechelela, ingawa tulisikiana vizuri kabisa. "Shikamoo mama," nilisema nikielekea ukutani. "Mwambie marahaba," mama mkwe alisema. "Amesema marahaba," Sechelela alisema. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, kwa sababu daktari alikuwa amekataza wali, na mama mkwe alilalamika kwamba binti yake amekaa mjini mpaka mkono wake umesahau mlenda. "Muulize mumeo kama na yeye anaona huu ni mlenda au ni maji ya kuoshea mlenda." Mimi nilicheka kimyakimya, na nadhani alisikia, kwa sababu aliendelea: "Muone, anajua." Kisha vyombo vikaondolewa, na ndipo shughuli ilipoanza upande wa pili. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nilisikia bandeji ikibanduliwa. Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi kwa meno. Harufu ilipita chini ya pazia.

"Kikoje?" niliuliza.

Kunong'ona kwa Kigogo, haraka, sauti ya mama ikiwa juu ya ya binti. Kisha Sechelela: "Hakijambo."

"Rangi yake?"

"Ni nyekundu."

"Nyekundu kama nini?"

Kunong'ona tena. "Nyekundu nzuri."

Nikampigia Rehema kesho yake na kumweleza kwamba kidonda ni chekundu kizuri. Aliuliza, "Kama ini au kama nyanya?" Sikujua. Aliniomba picha. Nikampa Sechelela simu, na mama mkwe akakataa kwa sauti ambayo majirani waliisikia: "Mguu wangu usitembee kwenye simu za watu! Leo Dar es Salaam, kesho Ulaya!" Sikuthubutu kusisitiza. Hata kama picha ingepigwa, simu ilikuwa yangu, na ningelazimika kuiangalia.

Leo ninafikiri ningeweza kufanya mambo mengi. Wakati ule niliona moja tu, nalo lilikuwa kutengeneza jeli kwa usahihi zaidi. Nilipima mara mbili. Nilibadilisha chupa. Niliweka jeli juani, nikaiweka kwenye jokofu, nikaiacha kwenye rafu karakana wakati wa vumbi la mchana. Haikujitenga, haikubadilika rangi, ilisimama kwenye kijiko. Kila kipimo nilichoweza kukifanya kilinijibu kwamba dawa ni nzima. Na bado jioni, nikikaa kwenye kiti kile, harufu iliyopita chini ya pazia ilikuwa ileile, au imezidi. Nilianza kuogopa kwamba pua yangu inanidanganya. Nilikuwa ninakula mlenda bila kusikia ladha yake. Sechelela alikonda. Nilipomshika mkono mlangoni na kumuuliza ukweli, alitazama kando: "Mama amesema nisikuhangaishe. Unafanya kazi sana."

Kilichonishtua kilikuwa kwenye kamba ya nguo. Jumamosi moja asubuhi nilipeleka mkaa nyumbani, nikapitia uani, na pale kwenye kamba palikuwa na shuka nyeupe na khanga mbili zilizofuliwa. Zote zilikuwa na madoa ya manjano. Hayakuwa madoa madogo ya mahali bandeji ilipogusa. Yalikuwa mapana, yanateremka kama mtu amemwaga mchuzi. Manjano hayatoki kwa sabuni, kila mpishi anajua. Nilisimama pale na mfuko wa mkaa nikiyahesabu kwa macho kutoka juu hadi chini, na nikaelewa kwamba jeli yangu, inayosimama kwenye kijiko, ikifika kwenye mguu ule haisimami. Ilikuwa ikitiririka yote kwenye shuka. Kidonda hakikuwa kikipata dawa. Lakini kwa nini, sikujua, na aliyeweza kuniambia alikuwa hatua chache kutoka nilipo, nyuma ya ukuta, na nilikuwa sina ruhusa ya kumtazama.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Mimi nilibaki nje chini ya kibanda cha wanaosubiri, wao wakaingia. Safari hii daktari alitoka nao hadi mlangoni, akauliza nani ni mwanamume wa familia, nikasimama. Alikuwa kijana kuliko mimi, na amechoka. "Mzee, nimewaambia mara mbili zilizopita kwamba hakuna maendeleo," alisema. "Weusi umetoka kwenye vidole, unaelekea unyayo. Nawapa hadi kliniki ijayo. Ukifika katikati ya unyayo sitakata unyayo. Nitakata chini ya goti." Nilimgeukia Sechelela. Mara mbili zilizopita alikuwa ameniambia kwamba daktari amesema tuendelee. Alikuwa analia bila sauti, na mama yake, aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu na khanga usoni ili asinitazame, alisema kwa Kiswahili, moja kwa moja kwangu, kwa mara ya kwanza maishani: "Usimgombeze. Mimi ndiye niliyemkataza."

Tukampigia simu mjomba Lusito, kaka wa mama mkwe, ambaye kwa mambo ya ukoo ndiye mwenye neno la mwisho. Alifika kesho yake na kifurushi cha perege wakavu wa bwawani, na nyumba nzima ikanuka samaki, jambo ambalo lilikuwa nafuu. Alikwenda kwanza hospitali akalipa amana ya upasuaji, kwa fedha za dume lake la ng'ombe, ili siku ikifika wasiambiwe warudi nyumbani. Kisha akaja kukaa nami sebuleni. Mama mkwe alikuwa upande wake wa pazia. Nilimsalimu mjomba, nikamkaribisha chai, nikasubiri anywe nusu, kisha nikasema ninachotaka.

"Unataka kuuona mguu wa mkweo," alirudia.

"Ndiyo, mjomba."

"Mke wako hana macho?"

"Anayo. Lakini ni macho ya binti. Anaona anachoambiwa aone."

Mjomba alicheka kwa kukohoa. "Na daktari?"

"Daktari anaona kidonda. Haoni dawa inavyopakwa. Dawa inatoka mahali inapowekwa, mjomba. Nimeona shuka. Nataka nione kinachotokea kati ya kopo na mguu."

Alizungusha kikombe mezani. Alisema jambo kama hilo lina njia yake. Watu wameshawahi kuondoleana haya, ile aibu ya mkwe na mkwe, kwa sababu ya nyumba iliyoungua, au uzazi uliokwama, na mkwe akatoa mnyama, wakala pamoja, basi, wakawa kama mama na mwana. Lakini si jambo la kurudi nyuma. Ukishaondoa haya, imeondoka. "Umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Ni mguu mmoja tu unaotaka kuona, au na wa pili?"

"Mmoja, mjomba."

"Basi mbuzi mmoja."

Pazia likatikisika. "Lusito!" mama mkwe alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Usiniuze kwa rejareja!"

Mjomba alicheka hadi akafuta machozi, na mimi pia, na nyuma ya pazia nikasikia kicheko cha tatu, cha mwanamke ambaye nilikuwa nimemwoa bintiye kwa miaka minane na sijawahi kumsikia akicheka bila kuziba mdomo. Kisha sote tukakumbuka kliniki ijayo.

Mbuzi alichinjwa Jumatano, uani. Nyama ililetwa kwenye sinia moja, na Sechelela akalishika pazia, akalikunja upande. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mdogo kuliko nilivyodhani, na macho yameelekea sakafuni. Nilikaa kwenye kigoda. Sheria ilikuwa kwamba kila mmoja achukue tonge kutoka mahali pa mwenzake. Yeye alitangulia. Mimi nilichukua langu haraka mno, mchuzi ukanidondokea suruali, naye akasema polepole, "Kula, baba. Huyu mbuzi umemnunua ghali." Baada ya hapo alivuta khanga mwenyewe, akatoa mguu.

Nitasema nilichokiona kwa ufupi. Kidole kikubwa na kinachofuata vilikuwa vyeusi, vikavu kama mkaa. Nyuma yao nyama ilikuwa na rangi ya kijivu yenye utelezi, na ukingo mwekundu uliovimba, na weusi ulikuwa umeanza kuingia unyayoni kama kalamu iliyovuja. Hakukuwa na wekundu mzuri popote. Nikamwomba Sechelela afanye kila kitu kama anavyofanya siku zote, asiruke hatua. Alileta beseni la maji ya vuguvugu. Mama mkwe akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa kibuyu kidogo, akakigonga, na chumvi ya kijivu, ile wanayoichuja kwenye udongo wa Bahi, ikadondoka kwenye maji, konzi nzima, kisha nusu nyingine. Akakoroga kwa mkono. Akaweka mguu. Akauacha humo huku akizungumza na mjomba kuhusu mvua. Kisha akautoa, ukiwa bado unadondosha maji, na Sechelela akachota jeli kutoka kwenye kopo langu akaiweka juu ya kidonda.

Jeli ilisimama kwa muda ambao mtu anahesabu moja, mbili. Kisha ikalegea. Ikawa kama ute, ikawa kama maji ya matunda, ikateremka kisiginoni na kuingia kwenye shuka.

"Huwa inafanya hivi?" niliuliza.

"Kila siku," Sechelela alisema.

"Na hukuniambia."

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alikuwa bado anatazama sakafu. "Dawa ya mkwe utasemaje kwamba inamwagika? Umeitengeneza kwa mikono yako. Dawa yako ni nzuri, baba. Mguu wangu ndio mbaya, haushiki."

Niliuliza kuhusu chumvi. Walishangaa swali lenyewe. Kidonda kinaoshwa kwa maji ya chumvi, nani asiyejua? Hakuna aliyeona kwamba hilo ni la kumweleza mtu, kama ambavyo hakuna anayeeleza kwamba amekaa kabla ya kula. Na alikuwa ameongeza chumvi kadiri dawa ilivyozidi kumwagika, ili dawa ya mkwe ikute mahali pasafi zaidi.

Nilimpigia Rehema palepale, nimepiga magoti kando ya beseni. Nilimweleza nilichokiona. Nilipofika kwenye chumvi alinikatiza. "Subiri. Chukua kopo ambalo halijaguswa. Tia chumvi kidogo. Koroga." Nikafanya hivyo, simu imebanwa begani. Jeli iliyosimama juani na kwenye jokofu ikawa maji mbele ya macho yangu. Nikamwambia. Nilisikia akivuta kiti, akakaa. "Ule unga mweupe hauwezi chumvi," alisema. "Chumvi inaufungua. Nilifundishwa mwaka wa pili, Yona. Mwaka wa pili! Na majimaji ya kidonda chenyewe yana chumvi. Na jasho." Kisha: "Wagonjwa wengine je?" Hilo nalo lilianza kumla, na nadhani halikumwacha kwa miaka.

Niliomba mama mkwe aache chumvi. Alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema tu kwamba mengine yote ameyaacha, sukari ameacha, wali ameacha, haya ameacha, lakini kidonda bila chumvi kinaoza, na kama mimi naona chumvi na dawa yangu haviwezani, basi nitafute dawa inayomweza mkwe wangu. Nilimpelekea Rehema jibu hilo neno kwa neno. Alicheka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamsikia akipumua. "Sawa kabisa. Tubadilishe jeli, tusimbadilishe mama." Siku ya tatu alishuka stendi na kopo la unga mwingine, wa jamii ya selulosi, ambao haujali chumvi. Tulifanya kazi naye maabara mchana kutwa. Jeli hii haikuwa angavu kama ile ya kwanza, na ilikuwa nzito kidogo. Rehema hakuipenda sura yake. Tukamwaga chumvi ndani. Ikasimama. Tukaongeza. Ikasimama. Aligeuza chupa juu chini na kuishikilia hivyo, mkono umenyooka, kama mtu anayesubiri kitu kimwangukie.

Kuanzia hapo sikukaa tena sebuleni. Nilikaa kwenye kigoda, karibu na beseni, na niliona kila kitu, na kuona hakukunipa amani niliyoitarajia. Nilipokuwa nyuma ya pazia niliogopa nisichokijua. Sasa niliogopa ukingo mmoja tu, mpaka kati ya weusi na nyama, na niliutazama asubuhi na jioni nikijiuliza kama umesogea au ni kivuli cha dirisha. Nilimwomba Rehema aje auone, akaja, naye akasema hajui. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mtulivu. Alianza kunisimulia mambo, kwanza akitazama sakafu, baadaye akitazama dirisha: njaa za utotoni, ng'ombe waliofia kwenye matope ya bwawa, Sechelela alivyokuwa mtundu. Asubuhi moja alinyamaza katikati ya hadithi, akakunja uso. "Panawasha," alisema. Rehema, aliyekuwa akifungua bandeji, alisimamisha mikono. "Panawasha wapi, mama?" Akaonyesha kwenye ule ukijivu, ambako kwa miezi hakuwa amesikia chochote. Rehema alitoka uani. Nilimfuata nikamkuta amesimama kwenye kamba ya nguo, ameshika shuka yenye madoa, anajifuta macho kwa pindo lake.

Sitaki kusema zaidi ya ninachokijua. Daktari alituambia wazi kwamba sukari ilikuwa imeshuka, dawa za vijidudu zilikuwa zimebadilishwa, na kidonda kilikuwa kinafungwa na watu watatu badala ya mmoja mwenye hofu. Jeli ilikuwa na sehemu yake. Kubwa kiasi gani, hakuna aliyeweza kupima kwenye mguu mmoja. Rehema aliandika hivyohivyo kwenye kazi yake, na aliandika pia kosa la unga wa kwanza, ingawa msimamizi wake alimwambia si lazima. Jeli ile haikuwahi kuuzwa dukani. Yeye alikwenda kufundisha, mimi niliendelea kukarabati mashine na kusoma, na kila tulipokutana aliniuliza kwanza habari za mama, ndipo aniulize zangu. Sasa nafikiri hilo ndilo jibu ambalo ningempa yule bwana wa kwenye sinia, kama ningekuwa nalo mdomoni: nilikuwa mtu aliyekaa naye karibu na beseni.

Siku ya kliniki nilimsukuma mama mkwe mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, na tukaingia wote, mjomba nyuma yetu. Daktari alifungua bandeji, akainama, akaweka kidole chenye glovu kwenye mpaka ule niliokuwa nimeutazama hadi ukaniingia ndotoni. Alibonyeza. Mama mkwe akaruka. "Aa! Mwanangu, unaumiza!" Daktari hakuomba radhi, alitabasamu. Weusi ulikuwa umesimama kwenye vidole. Nyuma yake palikuwa na wekundu wenye chembechembe, wekundu wa nyanya, ambao ningeweza sasa kumweleza mtu yeyote popote kwa simu. Vile vidole viwili ilibidi vitoke, alisema, vilishakufa zamani. Ni kazi ndogo, atarudi nyumbani baada ya siku chache. Mguu unabaki. Mama mkwe aliuliza kama atapewa vidole vyake, mjomba akamwuliza anataka kuvifanyia nini, naye akasema ni vyake, hilo halimhusu mtu.

Alipotoka wodini tulipitia dirisha la keshia, kwa sababu amana ilikuwa ya kukata mguu. Mama mkwe alisimama pale kwa miguu yake miwili, ameegemea bega langu mbele ya watu wote, wakati keshia akipiga hesabu. Alitoa kwenye amana gharama ya kuondoa vidole viwili, akatoa kitanda na dawa, akamsukumia mjomba Lusito kilichobaki cha dume lake la ng'ombe: shilingi laki nne na elfu kumi na tano.